Kina Kilichovunjika

Msomaji, yamkini umekwisha kuambiwa kwamba mashairi ya Kiingereza ya karne ya 20 yahusu mapenzi, vita na mageuzi ya jamii. Maneno hayo ni kweli, lakini ni kweli ya mtu aliyeulizwa habari za mji fulani akajibu kwamba una nyumba, njia na watu. Mapenzi na vita havikuzaliwa Uingereza, wala havikuanza katika karne hiyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa amekwisha kuyatungia mashairi mambo hayo mawili kabla ya kuzaliwa mkubwa wa washairi nitakaowataja hapa. Kwa hiyo tukisoma shairi ili tupate kuandika daftarini kwamba "shairi hili lahusu vita", hatujapata kitu.

Swali linalofaa kuulizwa ni jingine. Mshairi amerithi ufundi kwa wazee wake, na ufundi huo ulifanywa kwa kusifia mambo ambayo wazee waliyasadiki. Kisha macho yake yanamwonyesha jambo ambalo wazee hawakulisadiki wala hawakuliona. Je, ataufanya nini ufundi ule? Atautupa? Atalazimisha jambo jipya livae kanzu ya zamani? Mimi nililipata jibu kwa njia ya aibu, nami sitakuficha aibu yenyewe.

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu nilikuwa na majivuno ya vina. Nilijua kwamba tarbia ina mishororo minne katika kila ubeti, na kila mshororo una mizani 16, minane ukwapi na minane utao, na kwamba vina vya kati na vya mwisho havina ruhusa ya kuyumba. Siku moja katika maktaba ya chuo nikafungua kitabu cha mashairi ya Kiingereza kilichokuwa kimepoteza jalada, nikakuta shairi la Wilfred Owen liitwalo "Strange Meeting". Nikalisoma kwa sauti ya chini. Maneno ya mwisho wa mishororo yalikaribia kuoana, yakaachana. Nilingoja kina, kikaja nusu. Kwanza nilidhani mpiga chapa amekosea. Kisha nikadhani mtunzi hajui kazi. Nikatoa penseli nikatia alama ya kosa kando ya kila jozi ya mishororo, kama asahihishaye daftari la mtoto, nikafika mwisho na makosa yapata ishirini.

Nikampelekea mkufunzi wetu nikitaraji sifa. Hakunisifu wala hakunikemea. Aliniamuru nilisome tena mbele ya wenzangu, kwa sauti, bila kutazama alama zangu. Nilipofika katikati, chumba kilikuwa kimya, na mwenzangu mmoja, kijana mcheshi ambaye hakupata kunyamaza darasani, alikuwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza, mkufunzi aliuliza neno moja tu: "Kuna mtu hapa aliyesikia kosa?" Hapana aliyejibu. Nikarudi maktaba na kifutio.

Nitakueleza alilofanya Owen kwa mfano wa maneno yetu, maana sikio lako wewe uliyelelewa kwa vina litalifahamu upesi kuliko masikio mengine mengi. Chukua neno "heri". Ukiwa mtunzi wa desturi utalitafutia mwenzake katika "hiari", "habari" au "safari", na sikio litatulia. Owen asingefanya hivyo. Angelipa "heri" mwenzake "hari". Konsonanti zimebaki vilevile, irabu imegeuka, na heri imekuwa jasho. Vivyo hivyo "pole" ingejibiwa na "pale", na "bora" ingejibiwa na "bure". Maneno hayo ni kama ndugu wawili wenye sura moja waliogombana: huwezi kusema kwamba hawana uhusiano, na huwezi kusema kwamba wamepatana. Tena, mara nyingi katika shairi hili, neno la pili lina sauti nzito kuliko la kwanza, hata msomaji huhisi kwamba kila mishororo miwili inamshusha ngazi moja kwenda chini.

Na chini ndiko anakokwenda. Shairi latusimulia askari aliyetoroka vitani akateremka katika shimo refu lenye giza, akakuta humo watu waliolala wakiugua. Mmoja akaamka akamtazama kama amjuaye. Yule aliyeamka akasema kwa urefu juu ya maisha ambayo angeyaishi, uzuri ambao angeutafuta, na ukweli ambao sasa hautasemwa kwa sababu msemaji wake amekufa. Mwisho akajitambulisha: yeye ni adui, aliyeuawa jana na huyu anayemsikiliza. Hamlaumu. Anamwita rafiki.

Sasa fikiri, msomaji. Watu hawa wawili ni sawa katika umri, katika tumaini na katika mauti. Kilichowatenga ni sare. Je, mtunzi angeweza kuwapa vina kamili? Kina kamili ni mapatano. Kingesema kwamba mambo yamekaa mahali pake. Na kama angeacha vina kabisa, tusingesikia kwamba watu hawa walistahili kupatana. Owen hakukitupa kina, alikivunja, na vipande vyake viwili bado vyajulikana kuwa vya chungu kimoja. Zaidi ya hayo, mshororo wa mwisho wa shairi ni mfupi na hauna mwenzake. Wengine hudhani kwamba mtunzi hakupata nafasi ya kuumaliza. Huenda, lakini mimi kila niusomapo nasikia mtu anayelala katikati ya neno, wala sitaki aongezewe kitu.

Katika Afrika ya Mashariki tuna ugomvi wetu juu ya vina. Tangu miaka ya 1970, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi wa Tanzania kutoa Kichomi mwaka 1974, wapo waliosema kwamba shairi lisilo na vina si shairi, na wapo waliosema kwamba vina ni pingu. Mimi sipendi kuingia katika ugomvi huo na fimbo mkononi. Nasema tu kwamba Owen angewashangaza wa pande zote mbili, maana kazi yake haiwezi kufahamika na mtu asiyejali vina, na haiwezi kuvumiliwa na mtu asiyejali kitu kingine.

Owen alikuwa nani? Alizaliwa Oswestry, karibu na mpaka wa Wales, mwaka 1893. Alipenda mashairi tangu utotoni, na katika ujana wake alitunga kwa lugha laini yenye marashi, akimfuata Keats. Vita vilipoanza mwaka 1914 alikuwa Ufaransa akifundisha Kiingereza. Aliingia jeshini mwaka 1915, akapelekwa katika mahandaki mwanzoni mwa 1917, na kabla mwaka haujafika nusu alikuwa amepata ugonjwa wa akili uletwao na mizinga. Akapelekwa hospitali ya Craiglockhart karibu na Edinburgh. Huko alikutana na Siegfried Sassoon, mshairi na askari hodari aliyekuwa amelikasirisha jeshi kwa kuandika tangazo la kuvilaumu vita, tangazo lililosomwa hata bungeni mwaka huohuo. Sassoon alimfundisha Owen kuacha marashi na kuandika alichokiona. Mwanafunzi akampita mwalimu. Na mwalimu, kwa heshima yake, hakuona wivu. Owen akarudi vitani mwaka 1918, akapata nishani ya ushujaa, akauawa tarehe 4 Novemba kwenye mfereji wa Sambre na Oise, siku saba kabla ya vita kwisha. Alikuwa na umri wa miaka 25. Mama yake aliletewa habari kwa telegramu tarehe 11 Novemba, mji wa Shrewsbury ukipiga kengele za amani. Mashairi yake machache sana yalikuwa yamepigwa chapa; kitabu kilitoka mwaka 1920, na Sassoon ndiye aliyekitangulizia maneno.

Ili ujue Owen alikuwa akijibizana na nani, yafaa umsikie kwanza Rupert Brooke. Nami hapa nina deni jingine la aibu. Nilipokuwa mtoto wa shule nilichaguliwa kulighani shairi la Brooke, "The Soldier", mbele ya wazazi siku ya kufunga shule. Nililighani vizuri, mikono nyuma, nikapewa zawadi ya kalamu ya wino. Hapana mtu aliyeniuliza linasema nini, nami sikujiuliza. Ni soneti, yaani shairi la mishororo 14, na ndani yake askari Mwingereza afikiri juu ya kaburi lake ugenini na jinsi udongo ule utakavyopata sehemu ya nchi yake. Vina vimekamilika, sauti ni tamu, jina la nchi larudi tena na tena kama kiitikio. Lakini litazame kwa makini: ni shairi la vita lisilo na adui, lisilo na jeraha, lisilo na mwenzi pembeni. Mna mtu mmoja, nchi moja na kifo kisichouma.

Nisimdhulumu Brooke. Aliandika vita vikiwa vichanga, na hakuishi kuviona vikizeeka. Shairi lake lilisomwa mimbarini katika Kanisa Kuu la St Paul's, London, siku ya Pasaka ya mwaka 1915. Na tarehe 23 Aprili mwaka huohuo akafa kwa sumu ya damu ndani ya meli, njiani kwenda Gallipoli, akazikwa katika kisiwa cha Skyros. Taifa likapata kijana mzuri aliyekufa na wimbo mzuri wa kufia nchi, vyote kwa mwezi mmoja. Wakati huo jeshi la Uingereza lilikuwa la watu waliojitolea. Sheria ya kulazimisha vijana kuingia jeshini ilikuja mwaka 1916. Kwa hiyo maneno yalikuwa na kazi. Shairi liliweza kumtoa kijana shambani au kiwandani na kumpandisha meli. Tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme, Waingereza zaidi ya 19,000 waliuawa kwa siku moja. Baada ya siku kama hiyo, kina kamili juu ya kifo kitamu kilikuwa kama sahani ya dhahabu isiyo na chakula.

Owen alilijibu jambo hilo wazi katika shairi lake "Dulce et Decorum Est". Jina lenyewe ni maneno ya Horasi, mshairi wa Roma ya kale, aliyesifu kufa kwa ajili ya nchi. Vijana wa Uingereza waliyakariri shuleni. Katika rasimu moja Owen alilielekeza shairi hili kwa Jessie Pope, mwanamke aliyekuwa akiandika magazetini mashairi mepesi ya kuwahimiza vijana wajiunge na jeshi. Baadaye akaliondoa jina lake, nami naona alifanya vema, maana sasa shairi lamwita tu "rafiki", na kila asomaye hugeuka kutazama kama ni yeye anayeitwa.

Hadithi yake yajulikana: askari waliochoka wanatembea matopeni, gesi ya sumu inaangushwa, wote wanavaa vinyago vyao vya kujikinga, isipokuwa mmoja aliyechelewa. Msemaji anamwona kupitia kioo cha kinyago, katika mwanga wa kijani, kama mtu aliye chini ya bahari. Walimu wengi hukomea katika picha hiyo. Mimi nakuomba utazame vina. Shairi hili si kama lile la kwanza. Vina vyake ni kamili, mshororo kwa mshororo. Ila mahali pamoja mtunzi amefanya jambo ambalo mtunzi wetu yeyote angelionea haya: amerudia neno lilelile kuwa kina. Neno la kuzama majini liko mwisho wa mshororo mmoja, na sikio linapongoja neno jipya la kuitikia, linakuja lilelile, kuzama. Tena mishororo miwili iliyo na neno la pili ameitenga peke yake, mbali na mingine. Humo anasema kwamba mtu yule humjia katika ndoto zote.

Kwa kanuni zetu hilo ni dosari. Mlumbi angesema mtunzi ameishiwa. Naam, ameishiwa. Mtu aliyeona mwenziwe akifa mbele yake bila kuweza kumsaidia hana neno la pili. Kila usiku neno ni lilelile. Laiti Owen angepata kina kipya pale, tungejua kwamba amekwisha kupona, na kwamba anatuandikia kama mtu atungaye, wala si kama mtu aotaye.

Umenifuata katika vita; sasa nifuate katika mapenzi, maana jambo hili la kuvunja ufundi mahali panapouma halikuwa la askari peke yao. Thomas Hardy alikuwa mzee aliposhuka vita. Alizaliwa 1840, akapata jina kwa riwaya, akaziacha akarudia ushairi. Alimwoa Emma Gifford mwaka 1874, miaka minne baada ya kukutana naye Cornwall, penye majabali ya bahari. Mapenzi yao yalikuwa moto, kisha yakawa majivu. Kwa miaka mingi walikaa nyumba moja huko Dorchester kama wageni wawili. Emma alihamia vyumba vya darini, na mume akashughulika na vitabu vyake chini. Emma akafa ghafla mwezi wa Novemba 1912. Hardy, mwenye miaka 72, akashikwa na mapenzi upya kwa mke ambaye alipokuwa hai hakuwa akimsemesha. Mwaka 1913 akasafiri mpaka Cornwall kupatazama mahali walipokutana. Mashairi aliyoyatunga kwa majonzi hayo yalitoka mwaka 1914, vita vikiwa vimekwisha kuanza.

Wapo wasemao kwamba ni mashairi ya mnafiki. Mke alilala darini peke yake, sasa amekufa ndipo anaitwa mpenzi! Sikatai kwamba swali hilo lina haki. Mwanafunzi mmoja wa kike aliniuliza darasani, kwa hasira, "Mwalimu, na Emma angeandika nini?" Sikuwa na jibu. Hata hivyo nataka usome shairi liitwalo "The Voice" kabla ya kuhukumu. Hardy anasikia sauti ya mwanamke ikimwita, naye hajui kama ni yeye au ni upepo. Beti tatu za kwanza zinakwenda kwa mapigo ya tatu tatu, kama miguu ya watu wanaocheza dansi ya ujana wao. Mizani inambeba mzee, karibu anasadiki. Ndipo ubeti wa nne unapokuja na mizani inajikwaa. Mishororo inafupika, mapigo hayapatikani pale sikio linapoyangoja, na mzee yuko peke yake katika majani yanayoanguka na upepo wa kaskazini, akitembea kwa kuyumba. Mwanamke bado anaita.

Mnafiki angemaliza kwa mapigo yaleyale, kwa kuwa mnafiki hutaka tumwamini. Hardy ameruhusu shairi lake lianguke mbele ya macho yetu. Mizani iliyovunjika ndiyo ungamo lake: najua kwamba nimechelewa. Kama Emma angetosheka na ungamo hilo ni jambo jingine, na yule mwanafunzi wangu bado anasema hapana.

Owen naye aligusa mapenzi, kwa namna ya kutisha. Katika "Greater Love" amechukua maneno ambayo wapenzi husifia midomo, macho na sauti, akayaweka kando ya midomo, macho na sauti za askari waliokufa, na mpenzi mzuri akaonekana hana kitu. Silipendi shairi hilo kama ninavyolipenda lile la shimo. Lina ukali kwa mwanamke ambaye hakufanya kosa ila kuwa hai. Lakini laonyesha hasara nyingine ya vita, kwamba hata neno "mpenzi" lilirudi nyumbani na kilema.

Miaka ikapita, vikaja vita vingine, na mtu ambaye hakuwa amezaliwa mwaka 1914 akataka kusema ni kitu gani kilichopotea mwaka ule. Huyo ni Philip Larkin, aliyezaliwa Coventry mwaka 1922, mkutubi wa chuo kikuu cha Hull kwa miaka mingi mpaka alipofariki mwaka 1985. Katika kitabu chake cha 1964, The Whitsun Weddings, mna shairi liitwalo "MCMXIV". Usiogope jina hilo. Ni 1914 katika tarakimu za Kirumi, kama ilivyochongwa katika mawe ya ukumbusho. Larkin anatazama kama mtu aliyeshika picha ya zamani: wanaume wamepanga mstari kwenda kujiandikisha jeshini huku wakicheka, kana kwamba wanangoja kuingia kiwanjani kutazama mchezo; maduka yamefungwa, watoto wanacheza, mashamba hayajali, bustani zimeachwa nadhifu.

Vina vimo, mizani imo. Kilichovunjika hapa ni sentensi. Shairi zima, beti nne za mishororo minane minane, ni sentensi moja, nayo haina kitenzi kikuu. Jaribu wewe kuandika ukurasa mzima wa Kiswahili bila kitenzi kikuu! Katika lugha yetu kitenzi ndicho kibebacho mtendaji, wakati na mtendwa. Ukikiondoa, watu wanasimama hewani. Na hilo ndilo Larkin alilolitaka. Wanaume wale hawaendi, hawafi, hawarudi. Picha haina wakati ujao. Sisi tunajua kilichowangoja, wao hawajui, na sarufi yenyewe inakataa kuwaambia.

Lakini nami nina neno na Larkin. Mwishoni anaomboleza kwamba watu wale walikuwa na usafi wa moyo ambao haukupata kuonekana tena. Nani alikuwa msafi hivyo? Mwaka 1914 mwanamke wa Uingereza hakuwa na kura ya bunge. Aliipata mwaka 1918 akiwa na miaka 30 na kutimiza masharti, na akalingana na mwanamume mwaka 1928. Wanaume wengi maskini hawakuwa nayo pia. Kazi iliyowaajiri wanawake wengi kuliko nyingine ilikuwa utumishi wa nyumbani, na baada ya vita wengi hawakutaka kuirudia, kwa kuwa walikuwa wameonja mshahara wa kiwandani. Kwao mageuzi hayo yalikuwa mlango. Anayelilia nyumba kubwa aulizwe alikuwa akilala chumba gani. Namshukuru Larkin kwa jambo moja: katika picha yake amewakumbuka watumishi wale, pamoja na udogo wa vyumba vyao. Ni mishororo michache tu, lakini bila hiyo ningelihesabu shairi hili kuwa zuri na la uongo.

Kuna kitu kingine kisichokuwamo katika picha ile, wala katika mashairi yote niliyoyataja. Vita vilevile vilipiganwa huku kwetu, tangu 1914 hata 1918, baina ya Waingereza na Wajerumani, na makumi ya maelfu ya Waafrika wakafa, wengi wao wachukuzi wa mizigo, kwa maradhi na njaa zaidi ya risasi. Jina la kikosi chao, kwa ulimi wetu, likawa Kariakoo. Baba yake babu yangu alichukuliwa. Kwetu panajulikana njia aliyoondokea, alikofia hapajulikani.

Mshairi Mwingereza aliyepata kuwaandikia watu hawa ni Rudyard Kipling. Ukifika Nairobi, katika Kenyatta Avenue utaona watu watatu wa shaba, mchukuzi miongoni mwao, na chini yao maandishi ya Kipling kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Kipling alikuwa amewahimiza vijana kwenda vitani kwa kalamu yake. Mwanawe wa pekee, John, alipotea katika mapigano ya Loos mwaka 1915, na baba akafa mwaka 1936 bila kujua lilipo kaburi lake. Maandishi yale si shairi, hayana kina wala mizani. Yanamwahidi mpiganaji kwamba akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake.

Mwaka jana niliwapeleka wanafunzi wangu kuyasoma. Walisoma Kiswahili kwanza, kisha Kiingereza, kwa sauti, magari yakipita. Wakalizunguka jiwe pande zote, kisha mmoja wao akaniuliza majina yenyewe yameandikwa upande gani.